William Mahone: Reli, Deni na Kura za Virginia

Mahone hutajwa zaidi kama jenerali wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliyeongoza shambulio la kulipiza katika mapigano ya Crater, Petersburg, tarehe 30 Julai 1864, ambako askari weusi waliuawa hata baada ya kusalimu amri. Doa hilo halifutiki. Ila mimi husoma historia ya reli za Marekani, na kwangu mtu huyu haeleweki ukiiweka reli kando.

Alizaliwa mwaka 1826 katika kaunti ya Southampton, jimbo la Virginia, akasomea uhandisi. Kazi iliyompa jina ni njia ya Norfolk hadi Petersburg, iliyokamilika 1858. Ilibidi ikatize kinamasi cha Great Dismal Swamp, ambako udongo ni mboji tupu na tuta lolote hudidimia. Mahone alilaza magogo kwa kukingamana, tabaka juu ya tabaka, kisha akajenga tuta juu yake. Yakizama majini, hewa haiyafikii, hivyo hayaozi. Napenda sana akili ya ufumbuzi ule.

Baada ya vita aliunganisha kampuni tatu, na mwaka 1870 ikazaliwa reli ya zaidi ya maili 400 kutoka Norfolk hadi Bristol. Mdororo wa 1873 ukaikaba. Riba ikashindikana kulipwa, mahakama ikaikabidhi kwa wasimamizi, na mwaka 1881 ikauzwa.

Virginia yenyewe ilikuwa imekabwa vivyo hivyo. Ilikopa kabla ya vita kujenga mifereji na reli, deni likafika takriban dola milioni 45. Wadai walilipwa kwanza, shule nyingi zikafungwa. Mahone akaunda chama cha Readjuster: deni lipunguzwe, shule zifunguliwe. Weusi na wazungu maskini walikipigia kura pamoja, na mwaka 1879 kikalitwaa bunge la jimbo. Yeye akaenda Seneti. Chama kikafuta kodi ya kichwa iliyowazuia maskini kupiga kura, kikafuta adhabu ya viboko hadharani, na mwaka 1882 kikaanzisha chuo cha walimu weusi karibu na Petersburg. Sehemu ya fedha zake ilitokana na mauzo ya ile reli aliyoipoteza.

Kwa wazungu wengi huo ulikuwa usaliti. Novemba 1883, siku chache kabla ya uchaguzi, wazungu wenye silaha waliua watu weusi mjini Danville. Wademokrati, wapinzani wa Readjuster, wakautumia mkasa huo kutia hofu, wakashinda. Katiba ya Virginia ya 1902 iliirudisha kodi ya kichwa.