"Wengi wape"? Katiba ya Kenya haisemi hivyo tu

Uchaguzi ukikaribia, mabishano ya vijiweni huishia kwa maneno mawili: wengi wape. Sawa, tuwape. Ila tukubaliane kwanza hao wengi ni akina nani.

Dhana: Mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye rais.

Zamani ilikaribia kuwa hivyo. Mwaka 1992 Moi alibaki Ikulu kwa takriban asilimia 36 ya kura, wapinzani wake Matiba, Kibaki na Jaramogi wakigawana zilizobaki. Alihitaji pia asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane, basi. Katiba ya 2010 inadai zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, na angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. La sivyo, wawili wa kwanza wanarudi debeni.

Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alimpita Raila Odinga kwa kura zaidi ya 800,000. Ungedhani mambo yalikwisha hapo. Kumbe nusu yenyewe aliivuka kwa kura kama 8,400 tu! Ndiyo maana mawakili walibishana hadi kuhusu kura zilizoharibika: zihesabiwe kwenye jumla au zitupwe? Mahakama ya Juu ikaamua zisihesabiwe.

Dhana: Ukishinda kwa pengo kubwa, hakuna wa kukugusa.

Agosti 2017 pengo lilikuwa kura zipatazo milioni 1.4. Tarehe 1 Septemba mahakama hiyohiyo ikafuta matokeo, kwa kuwa uchaguzi haukuendeshwa kwa mujibu wa Katiba.

Dhana: Bunge likiwa na wingi, hubadilisha lipendalo.

Waulize waliosukuma BBI, mpango wa Uhuru na Raila wa kurekebisha Katiba. Mswada ulipita Bunge la Taifa kwa kura 224 dhidi ya 63, na Seneti pia ikaupitisha. Machi 2022 Mahakama ya Juu ikauzima: njia ya kurekebisha Katiba kwa kukusanya saini ni ya wananchi, na rais hana ruhusa ya kuianzisha. Tena, kugusa haki za msingi au muhula wa rais lazima kupitie kura ya maoni.

Dhana: Mfungwa hana kura.

Anayo, ila nusunusu. Tangu 2017 wafungwa waliosajiliwa humpigia rais pekee, kama Wakenya walio ughaibuni. Aliye gereza la Kamiti husaidia kumchagua amiri jeshi mkuu, lakini mwakilishi wadi wa kwao hamgusi.