Ushanga wa Kilwa: kemia inataja tanuri, haimtaji nahodha

Ukipita ufukweni Kilwa Kisiwani maji yakiwa yamekupwa, utaona vigae vya vyungu na, ukiwa na macho makali, punje ndogo za ushanga wa kioo. Maneno yanayosemwa juu yake ni mengi, na mengine si kweli.

“Ushanga uliletwa na Wareno.” Wareno waliuvamia mji mwaka 1505. Msafiri Ibn Battuta alikuwa ameshafika 1331 na kuukuta umestawi, na ushanga ulikuwa ukiingia pwani hii karne nyingi kabla yake. Hapa hata maabara haihitajiki. Tabaka za udongo unamochimbuliwa zinatosha kuonyesha umri wake.

“Rangi yake inaonyesha ulikotoka.” Kosa hili ndilo sugu zaidi. Rangi huletwa na madini kidogo sana: kobalti hutoa buluu iliyokoza, na shaba hutoa kijani au wekundu kutegemea hewa ya ndani ya tanuri. Mafundi wa nchi mbalimbali walizijua mbinu hizo. Siri imo katika kioo chenyewe, yaani mchanga na kitu kilichotiwa ili uyeyuke upesi. Mashariki ya Kati ya zama za Kiislamu walitia majivu ya mimea, ndiyo maana kioo chao kina magnesi nyingi. Kusini mwa Asia kulitumika sana magadi ya ardhini na mchanga usio safi. Kioo hicho kina alumina (oksidi ya alumini) nyingi na magnesi kidogo. Basi punje mbili nyekundu, pacha kwa macho, zinaweza kuwa zimetoka pande tofauti za bahari.

“Kupima ni kuusaga.” Siku hizi leza hutoboa kitundu kisichoonekana kwa macho, na mashine husoma vumbi lake.

“Kioo cha India, basi kililetwa na Wahindi.” Taratibu! Punje iliyopikwa India iliweza kubadilisha mikono katika bandari za Uarabuni, ikapakiwa na mfanyabiashara Mswahili, kisha ikaenda bara kutafuta dhahabu na pembe. Huko K2, makazi ya kale katika bonde la Limpopo, kusini mwa Afrika, watu waliyeyusha ushanga mdogo wa kigeni, wakauunda upya katika kalibu za udongo na kupata punje nene. Kemia yake ni ya Asia, ufundi wa mwisho ni wa Afrika. Mimi naona hizo ndizo punje zenye habari kuliko zote.

“Waafrika hawakupika kioo.” Ile-Ife, Nigeria, walikipika kutoka mchanga wao, na mchanganyiko wake haufanani na wa Asia wala Ulaya.

“Nikiokota moja tu, hasara iko wapi?” Kwanza, mali hiyo inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964. Pili, punje iliyokaa mfukoni mwako bado itaiambia maabara kioo kilipikwa wapi, lakini haitasema tena ilikuwa kaburini, sebuleni au jalalani.