Anayejicheka kabla hajachekwa

Kijana wa miaka 15 aliingia katika chumba changu cha ushauri nasaha, akakitazama kiti, akasema, "Hiki kitanibeba kweli? Mizani ya nyumbani ilishaomba likizo." Nilicheka. Naye akacheka, ila macho yake yakawa yananipima: nimecheka kiasi gani? Baada ya dakika kumi alikuwa amejitania mara nne, zote kuhusu mwili wake.

Wazazi huniambia, "Huyu hana shida, ni mcheshi sana." Mimi hapo ndipo ninapotega sikio.

Ucheshi una sura nyingi. Mwaka 2003, mwanasaikolojia Rod Martin wa Kanada na wenzake walitoa dodoso la vipengele 32 linaloutenga katika mitindo minne: wa kuleta watu pamoja, wa kujipa moyo, wa kuwachoma wengine, na wa kujidhalilisha ili watu wacheke. Miwili ya mwanzo kwa kawaida huambatana na furaha na kujithamini. Wa nne huambatana na huzuni, wasiwasi na kujiona duni. Wa tatu una mambo yake, leo naupita.

Kinachotatiza ni kwamba mtindo wa pili na wa nne ukiisikia kwa mbali inafanana. Kijana akianguka mbele ya darasa anaweza kusema, "Nilikuwa naisalimia sakafu." Mwenzake akianguka vilevile anasema, "Mimi zoba, hata kutembea sijui." Darasa litacheka mara zote mbili. Wa kwanza kacheka kilichompata. Wa pili kajihukumu.

Katika umri huu kijana hujitazama sana kwa macho ya rika lake, kwa hiyo kujicheka mapema ni njia ya kuwanyang'anya wenzake fimbo. Na inafaa, ndiyo hatari yake! Anapata kicheko na nafasi kundini, lakini kesho lazima ajishushe tena, na wenzake nao wameshazoea kwamba yeye ni wa kuchekwa.

Kipi hutangulia, mzaha au kujidharau? Vipimo vinavyochukuliwa kwa siku moja haviwezi kutuambia. Kazini kwangu naona vikilishana.

Yule kijana sikumkataza utani. Nilimuuliza, "Nisingecheka pale mwanzo, ungefanya nini?"

Alinyamaza kidogo. "Ningetoa mwingine, mkali zaidi."

Tukaanzia hapo.