Taarab asilia kwenye jukwaa la tamasha: sauti huharibikia wapi

Kundi la taarab asilia likiwa mazoezini, watu kumi na wawili wameketi nusu duara ndani ya chumba, kila ala husikika bila umeme. Lipandishe kundi hilohilo Ngome Kongwe, Zanzibar, usiku wa tamasha la Sauti za Busara, na maiki nzuri na spika za kutosha, uone ganuni, ile ala bapa ya nyuzi nyingi, inavyomezwa, fidla tatu zinavyogeuka ukelele mmoja, na mwimbaji anavyomwashiria fundi "niongezee" kila ubeti ukiisha. Lawama humwangukia fundi mitambo. Pengine anastahili. Ila sehemu kubwa ya uharibifu huwa imeshatokea kabla hajagusa feda hata moja, vile vitelezi vya sauti kwenye meza yake: kwenye viti, kwenye tuni na kwenye monita, yaani spika zinazowageukia wapigaji wenyewe. Nawaandikia viongozi wa vikundi, maana mambo hayo matatu yako mikononi mwao kuliko mwangu mimi fundi.

Busara imekuwa ikifanyika Februari tangu 2004, na kigezo chake cha siku nyingi ni muziki upigwe laivu. Maana yake, kundi lenye ala za mbao na ngozi huweza kupangwa mara tu baada ya bendi yenye dramu seti, gitaa la umeme na kinanda. Masikio ya watazamaji yameshazoea kishindo, nanyi mna dakika kama 20 za kubadilishana jukwaa. Dakika hizo si za kufikiri, ni za kutekeleza kilichokwisha kufikiriwa. Laini cheki peke yake, yaani kuhakikisha kila maiki inafika kwenye meza ya fundi ya kuchanganyia sauti, hula sekunde 20 kwa laini moja. Kwa laini 13 ni dakika nne na ushee, iwapo hakuna waya uliokufa.

Kumi na tatu ndiyo hesabu ninayoiona inatosha kundi la mtindo wa Ikhwani Safaa au Culture Musical Club likisafiri na watu wachache: ganuni moja, udi mmoja, fidla tatu, akodiani, besi la kusimama, dumbak na bongo (ngoma ndogo za mkono), rika (tari ndogo), mwimbaji, na maiki mbili za waitikiaji. Orodha hiyo iandikwe kwa mpangilio wa kuketi, kutoka kushoto kwenda kulia kama mtazamaji anavyoliona jukwaa, na imfikie fundi wiki mbili kabla. Kuna makundi yanayodai maiki mbili kwa kila ala yakidhani ndiyo heshima. Kila maiki zilizo wazi zikiongezeka maradufu, unapoteza desibeli 3 za nafasi uliyonayo kabla jukwaa halijaanza kupiga mluzi. Mkitoka 13 mkaenda 26, mmejiongezea laini na mmejipunguzia sauti.

Tuni huanzia kwenye akodiani. Si kwamba ndiyo ala kubwa kwenye kundi. Ni kwamba yenyewe haituniki jukwaani. Akodiani nyingine zimetengenezwa kwa noti ya La ya Hz 440, nyingine 442, na zilizozeeka kwenye hewa ya chumvi zina lake jingine kabisa. Pima kwa tuna (kifaa cha kupimia tuni), lakini kwanza bonyeza kitufe cha rejista inayotumia mwanzi mmoja, yaani kibamba kimoja kinachotetemeka ndani yake. Rejista zenye mtetemo hupiga mianzi miwili iliyopishanishwa makusudi, na ukipima hapo sindano ya tuna itacheza bila kutulia, kisha kila mtu achague namba yake. Ukishapata namba, iandike kwenye karatasi, na udi, fidla, besi na ganuni wote waifuate.

Ganuni ndiyo kazi yenyewe. Ya kawaida ina nyuzi 78, sauti 26 za nyuzi tatu tatu. Hata mpigaji akitumia sekunde 5 tu kwa kila uzi, ni dakika sita na nusu, na hizo huzipati ndani ya zile 20. Kwa hiyo ituniwe nyuma ya jukwaa, na saa ya kuituni ina maana. Daraja la ganuni limekaa juu ya ngozi, upande wa kulia wa mpigaji. Mchana wa Februari ngozi hiyo ni kavu na imejikaza. Jua likizama, karibu na saa moja kasoro robo, hewa hupoa na unyevu hupanda. Ngozi inalegea, daraja linadidimia kidogo, na ala nzima inashuka, tena haishuki sawasawa. Aliyetuni saa tisa alasiri akafunga sanduku ataanza onyesho la saa tatu usiku akiwa nje ya tuni, na atadhani nyuzi zimechoka. Tuni kamili ifanyike baada ya Magharibi, ganuni ikae nje ya sanduku, imefunikwa kitambaa, mahali penye hewa ileile ya jukwaani. Jukwaani mpigaji abakize kusahihisha tu. Na kabla ya wimbo wa kwanza atazame vile vikono vidogo vya chuma vilivyo kushoto, vinavyopandisha na kushusha nyuzi. Kitambaa kikivutwa kwa haraka hunasa kimoja au viwili, na kosa hilo huwezi kulisikia hadi ufike kwenye sauti hiyo.

Dumbak ya ngozi ina tabia hiyohiyo. Jukwaani huwezi kukoka moto kama kwenye ngoma za mtaani, kwa hiyo taa yenye joto au kikaushia nywele nyuma ya jukwaa kifanye kazi hiyo, umbali wa shubiri mbili, kwa mzunguko. Ukikisogeza karibu na kukituliza mahali pamoja, ngozi hupasuka ukingoni.

Sasa viti. Nimeshasema viti vina hatia, na sizungumzii starehe. Kiti cha plastiki chenye mikono humzuia mpiga udi kuweka kiwiko. Anachofanya ni kuukumbatia udi ukiwa umeinama, uso wake ukitazama juu kidogo, na maiki uliyoielekeza vizuri wakati wa laini cheki inabaki inatazama goti. Fidla nazo upinde hugonga mkono wa kiti, hivyo wapigaji husogea ukingoni na kugeukiana. Andika kwenye mahitaji yenu: viti visivyo na mikono, idadi kamili. Mwandaaji atavipata akijua mapema.

Dumbak, bongo na rika wasiketi nyuma ya ganuni. Maiki ya ganuni ni nyepesi, hushika kila kitu, na dumbak iliyo mita moja nyuma yake itasikika kwa nguvu ndani ya maiki hiyo. Waketi pembeni, upande wa besi, mita 2 hivi kutoka ganuni. Kwa maiki zilizo jirani kuna kipimo rahisi: umbali kati ya maiki mbili uwe angalau mara tatu ya umbali wa maiki na ala yake. Maiki iko sentimita 25 kutoka kwenye udi? Basi inayofuata isiwe chini ya sentimita 75 kutoka hapo.

Ganuni mimi huipa kondensa ndogo, yaani maiki nyepesi inayohitaji umeme, sentimita 20 hadi 30 juu yake, ikielekea kati ya daraja na katikati ya ubao. Ukiielekeza moja kwa moja vidoleni utapata kelele za kucha zile za kuvalia, tik tik tik, kuliko nyuzi. Ganuni ikiwa juu ya meza, weka kitambaa kinene chini, la sivyo meza nayo inaimba. Kondensa inahitaji umeme wa fantomu wa volti 48 kutoka mezani. Maiki "iliyokufa" mara nyingi ni fantomu iliyosahauliwa. Wenye pikapu ya kubandika, ile inayoshika mtetemo wa ala, waibandike kwenye mbao karibu na daraja, wasibandike kwenye ngozi, na waya uingie kwenye boksi la DI (la kuunganisha ala na meza) la aktivu, lenye ukinzani wa megaohmu 1 au zaidi. Boksi la pasivu huinyonya pikapu ya aina hiyo hadi besi yote inapotea na ganuni inalia kama bati.

Udi una shida moja kubwa: tumbo lake. Hewa iliyomo ndani huitika karibu na Hz 100, na monita ikitoa sauti hiyo, tumbo linaijibu, maiki inaichukua, na mvumo unapanda wenyewe. Kata hapo kwa mkato mwembamba, desibeli 6 hivi, na ziba tundu la urembo kwa sponji laini kwa ndani au kwa juu. Wapiga udi hawapendi, na nawaelewa. Waombe wasikilize kutoka mbele ya jukwaa mwenzao akipiga, halafu waamue. Besi la kusimama kwa bahati nzuri lina dawa ya zamani na ya bei rahisi: maiki ya kawaida kama SM57 ifungwe kwenye sponji, ichomekwe kwa kubana chini ya daraja. Inaenda na besi popote linapoyumba.

Kwa fidla, maiki ndogo za kubana kwenye ala ndizo bora, kwa kuwa ukipunguza umbali kwa nusu, tuseme kutoka sentimita 40 hadi 20, unapata desibeli 6 bila kugusa meza. Zikiwepo moja au mbili tu, apewe kiongozi wa fidla kwanza. Wengine washirikiane maiki moja ya stendi. Akodiani maiki moja upande wa kulia inatosha, maana chini besi lipo.

Nije kwenye monita, ambako ndiko vita vilipo. Maiki ya aina ya kadioidi, SM58 kwa mfano, haisikii vizuri kutoka nyuma yake kabisa. Monita ya mwimbaji anayetumia hiyo ikae moja kwa moja mbele yake, ikitazama mkia wa maiki. Superkadioidi kama Beta 58A ni tofauti: uziwi wake uko kama digrii 126 kutoka mbele, yaani nyuma pembeni, na mkiani kabisa inasikia kidogo. Ukiiwekea monita moja katikati umeiweka pale inaposikia. Weka mbili, kushoto na kulia. Mafundi wengi hubadilisha maiki na kusahau kuhamisha monita. Na mwimbaji akikifumba kichwa cha maiki kwa kiganja, mahesabu yote hayo yanafutika, kwa sababu maiki iliyofumbwa inasikia pande zote. Ashike mpini.

Ndani ya monita kuwe na vitu vichache iwezekanavyo. Mwimbaji apate sauti yake na ganuni au akodiani, ili ajue sauti ya kuanzia. Fidla zipate ganuni. Dumbak isiingie monita yoyote. Ipo palepale na inasikika. Mtu akisema "niongezee", jibu langu la kwanza ni kupunguza kingine ndani ya monita yake. Mara nyingi anaridhika bila kujua kilichofanyika. Kila desibeli unayoongeza jukwaani inarudi kwenye maiki zote 13 ikiwa imechelewa na kuchafuka, na hiyo ndiyo ile taarab inayosikika kama inapigwa ndani ya pipa.

Ngome nayo ina mchango wake. Kuta ni mawe matupu. Spika ikiupiga ukuta ulio mita 30 mbele, sauti inasafiri mita 60 kwenda na kurudi, na kwa mwendo wa mita kama 345 kwa sekunde inarudi baada ya sekunde 0.17. Hiyo inasikika kama mwangwi kamili, na kwa mpiga rika ni mtego: akianza kuufuata, mwendo wa wimbo unavutwa nyuma. Spika zielekezwe chini kwa watu, zisitazame ukuta, na wapigaji wa midundo wamtazame kiongozi badala ya kusikiliza uwanja. Februari bado ni kaskazi. Ukuta unapunguza upepo lakini haumalizi, kwa hiyo kila kondensa ivae sponji, na maiki za sauti zikatwe chini ya Hz 100.

Mambo mawili ambayo fundi mgeni hayajui, mwambieni. Adhana ikianza, saundicheki (majaribio ya sauti) husimama, kwa hiyo zamu ya jioni ina dakika pungufu kuliko zilizoandikwa kwenye ratiba. Na kuna kutuza. Mwimbaji akigusa palipouma, watu watapanda na noti mkononi, wengine wakicheza, na njia yao ya kawaida ni katikati ya maiki za waitikiaji. Acheni njia ya mita moja mbele ya mwimbaji, waya zote zipite nyuma na zibandikwe kwa utepe wa kitambaa wenye gundi, na stendi za mbele ziwe zenye kitako kizito cha duara; zile za miguu mitatu hunasa vitenge na viatu.

Kidumbak, taarab ya kundi dogo, ni rahisi kuliko orkestra: sanduku la besi huliinua ukingo mmoja kwa kipande cha ubao na kuingiza maiki ya kiki (ya dramu kubwa ya mguu) chini yake, vidumbak viwili vinashirikiana maiki moja, fidla inabanwa ya kwake, cherewa (manyanga) na mkwasa (vijiti vya kugonga) vinasikika vyenyewe bila maiki. Mpiga nyatiti, kinubi cha Waluo, anahitaji kufikiriwa zaidi. Anaketi chini, anaimba, anapiga nyuzi 8 na wakati huohuo anagonga ala kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu. Mpe stendi fupi mbili, na maiki ya nyuzi usiiweke upande wa pete. Pigo la chuma litafunika kila kitu.

Mkiwa na bashraf, kipande cha ala tupu, anzeni nayo. Haina mwimbaji, ala zote zinapita, na fundi anapata dakika kadhaa za kupanga sauti ya ganuni isikike juu ya fidla huku watazamaji wakidhani onyesho limeshaanza, na kweli limeanza. Mwambieni mapema ni ya dakika ngapi na nani ana sehemu ya peke yake, na feda ya mwimbaji ibaki chini hadi mwenyewe asimame.