Changarawe za Kale Zinavyosimulia Milima Ilivyoinuka

Kiangazi, maji ya Mto Karanga yakipungua, okota mawe machache pale Moshi. Karibu yote yatakuwa meusi au ya kijivu, mengine yana vitundu: hiyo ni lava ya Kilimanjaro. Nenda kwenye makorongo ya chini ya milima ya Pare, upande wa Mwanga au Same, utaokota naisi, mwamba wa mistari myeupe na myeusi wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Mto hauleti jiwe ambalo mlimani kwake halipo.

Mlima unapoinuka, mteremko huwa mkali na maji hupata nguvu ya kusukuma mawe, si tope na mchanga tu. Vilima vya Siwalik, chini ya Himalaya, vinaonyesha hivyo: tabaka za kale ni tope na mchanga, zilizokuja baadaye zimejaa mawe ya mviringo.

Utamu wenyewe uko kwenye mpangilio. Mmomonyoko huumenya mlima kuanzia juu, kwa hiyo jiwe la kileleni hushuka mapema na kuzikwa chini kabisa, na la kiini cha mlima huja mwisho likalala juu. Ukuta wa changarawe ni mlima uliopinduliwa. Hata mto uliokwisha kukauka huonyesha ulikotoka, maana mawe bapa hulala yameegemeana, uso wake ukiteremkia upande maji yalikotokea.

Lakini tusichanganye. Pare ilipanda kufuata nyufa kubwa za ardhi. Kilimanjaro ulijijenga kwa lava ya volkano zake, Shira ikitangulia, Kibo, yenye kilele kirefu kuliko vyote, ikija mwisho. Ukikuta changarawe yenye lava ya Kibo, ile yenye fuwele kubwa za pembe nne, ujue haiwezi kuwa kongwe kuliko lava hiyo. Na mvua kubwa au barafu huweza kushusha mawe makubwa bila mlima kupanda hata sentimita moja. Mimi siridhiki na tabaka moja.

Umri tunaupata kwenye majivu ya volkano yaliyolala katikati ya tabaka. Mwaka 1961 majivu ya Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, yalipimwa kwa potasiamu na agoni, yaani kwa kuangalia potasiamu kiasi gani imegeuka gesi ya agoni kadiri miaka inavyopita, yakatoa takriban miaka milioni 1.75.

Kwa hiyo fundi anayechimba kisima au msingi akikutana na mawe ya mviringo, apige picha ukuta wa shimo, futi ya kupimia ikionekana, kabla tipa halijayabeba.