Kura saba za Millwall: yanayosemwa na yaliyotokea

Ukitaja Millwall kijiweni, mtu anaona jezi za buluu na mashabiki wanaorusha viti. Ndiyo maana habari ya kata ya Millwall kumpa udiwani mtu wa BNP, chama cha wabaguzi wa rangi, mwaka 1993, inaishia kuelezwa kama kazi ya wahuni wa mpira. Hapo hadithi imepotea kabla haijaanza. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1885 na wafanyakazi wa kiwanda cha Morton, cha jamu na vyakula vya makopo, lakini mwaka 1910 ilivuka mto Thames kuhamia kusini na haikurudi tena. Kata ilibaki ng'ambo ya pili, kwenye rasi ya Isle of Dogs, halmashauri ya Tower Hamlets, mashariki mwa London. Jina moja, pande mbili za mto.

"Wakazi wengi walimtaka"

Alhamisi, 16 Septemba 1993, ulikuwa uchaguzi mdogo wa kiti kimoja. Derek Beackon wa BNP alipata kura 1,480. James Hunt wa Labour alipata 1,473. Tofauti yao ni watu saba, abiria wa Noah moja, tena bila kubanana. Liberal Democrats walikuwa wa tatu, nao hawakuachwa mbali.

Fanya hesabu: mshindi hakufikisha hata asilimia 34 ya kura zilizopigwa, na zaidi ya nusu ya walioandikishwa hawakwenda kituoni kabisa. Karibu wapiga kura wawili kati ya kila watatu walimkataa, ila kukataa kwao kuligawanyika kwa wagombea wengine. Hakuna duru ya pili pale. Anayeongoza, hata kwa kura moja, amepita. Utaratibu huu hauhitaji kufafanuliwa kwa mtu aliyewahi kukesha akisubiri matokeo ya diwani kwetu.

"Lilikuwa jambo la ghafla, na la kwanza Uingereza"

Beackon alikuwa diwani wa kwanza wa BNP, hilo ni kweli. Hakuwa wa kwanza wa siasa za namna ile, kwani mwaka 1976 chama cha National Party kilishapata viti viwili vya udiwani mjini Blackburn. Wala halikuwa la ghafla. Oktoba 1992, katika uchaguzi mdogo mwingine wa kata hiyohiyo, BNP ilipata asilimia 20. Dalili ilikuwa wazi kwa kila aliyetaka kuiona.

Ila mzizi ni wa zamani kuliko hapo. Isle of Dogs ilikuwa nchi ya makuli na mafundi wa meli, karibu izungukwe na maji pande zote. Daraja likiinuliwa kupisha meli, basi linasimama na mtu anachelewa kazini. Machi 1970, wakiwa wamechoka kupuuzwa, wakazi waliziba njia za kuingilia wakajitangazia uhuru, na diwani wao Ted Johns akawa "rais". Watu walicheka, lakini malalamiko yalikuwa ya kweli. Mwaka 1980 bandari za hapo zikafungwa. Mwaka uliofuata serikali kuu ikaunda shirika la kuendeleza eneo la bandari, likapewa madaraka ya mipango miji, halmashauri ikabaki inatazama. Kufikia 1991 mnara wa Canary Wharf ulikuwa umesimama, umejaa vioo, na kazi zilizomo humo hazikumhusu kuli aliyeachishwa.

Kilichobaki kugombaniwa ni nyumba za halmashauri. BNP ikaja na kaulimbiu ya haki za weupe, ikawanyooshea kidole Wabangladeshi, ambao wengi wao walikuwa wakiishi familia nzima kwenye vyumba viwili vitatu. Na si BNP peke yake iliyochezea moto huo. Liberal Democrats, waliokuwa wakiongoza halmashauri tangu 1986, walitoa vipeperushi vilivyowaletea aibu hadi makao makuu ya chama yakaunda tume ya uchunguzi chini ya wakili Anthony Lester. Kwangu mimi, hili ndilo linalosahaulika kuliko yote.

"Wahamiaji hawakuwa na kura"

Walikuwa nayo. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anaweza kujiandikisha na kupiga kura, hata kama hana pasipoti ya huko. Hilo linamhusu Mbangladeshi, na linamhusu Mkenya, Mtanzania na Mganda vilevile. Ndugu zetu wengi walioko kule mpaka leo hawalijui.

"Aliangushwa kwa sababu wafuasi wake walimkimbia"

Hapa ndipo watu wengi huteleza, kwa sababu matokeo yanaonekana kusema hivyo. Tarehe 5 Mei 1994, miezi isiyofika minane baadaye, Beackon alipata kura 2,041. Ziliongezeka 561. Na bado akashindwa. Wafuasi hawakumkimbia hata kidogo. Ni kwamba safari hii karibu theluthi mbili ya walioandikishwa walijitokeza, na waliotaka kumtoa hawakutawanya kura zao kama mwanzo. Labour ilichukua viti vyote vitatu vya kata, na halmashauri yenyewe ikaitoa mikononi mwa Liberal Democrats.

"Pale ni ngome yao hadi leo"

Mwaka 2002 mipaka ilichorwa upya. Mwaka 2006 viti vyote vitatu vya Millwall vilikwenda kwa Conservative. Kufikia wakati huo wenye maghorofa mapya ya kando ya mto walikuwa wengi, na hoja zao zilikuwa nyingine. Mwaka 2014 kata ikafutwa. Anayemtafuta diwani wa Millwall siku hizi ataulizwa kwanza anakaa kata gani kati ya zilizochukua nafasi yake: Canary Wharf au Island Gardens.