Kabla ya dawa ya minyoo, tafuta mitungi minne ya maji

Mama mmoja wa Kibokoni, Mombasa, mfugaji wa samaki wa tangi, alinipigia simu: "Mwanangu, samaki wangu wametoka uzi mwekundu nyuma. Nimewatia dawa mara mbili na hauishi." Nilikwenda jioni ile ile. Baada ya shikamoo na marahaba nilimwomba azime taa ya tangi, tukae kimya mbele ya kioo, kwa sababu samaki anayekimbiakimbia hakuonyeshi kitu. Punde gapi jike, samaki mdogo wa mapambo mwenye mkia wa rangi ya machungwa, alisimama kwenye kona. Penye tundu la haja zikachomoza nyuzi nne nyembamba, nyekundu, kila moja ikijipinda kivyake. Niligonga kioo kwa ukucha. Akashtuka, akaogelea, na nyuzi zote zikarudi ndani.

Huyo ni Camallanus, mnyoo wa duara wa utumbo wa samaki, na kumtambua hakuhitaji hadubini. Ana kinywa kigumu anachoung'atia ukuta wa utumbo, kisha anakunywa damu. Wekundu wake unatoka huko. Jike lake halitagi mayai, huzaa watoto walio hai. Watoto hao hutoka na kinyesi, wakaanguka chini na kuchezacheza mchangani. Kwa kawaida humezwa kwanza na kopepoda, wadudu wadogo wa majini wa jamaa ya kamba, na samaki akiwala hao naye huambukizwa. Lakini ndani ya tangi mnyoo huyu anaweza kuiruka hatua hiyo na kupita moja kwa moja kutoka samaki hadi samaki. Ndiyo maana ukimwona mmoja ana nyuzi, wahesabu wote kuwa wagonjwa.

Nilimuuliza mama ni dawa gani aliyotia. Akaniletea pakiti: prazikwanteli. Ni dawa nzuri sana kwa tegu, yule mnyoo bapa mwenye pingili, lakini minyoo wa duara kama hawa haiwagusi. Aliyemuuzia hakumuuliza mnyoo anafananaje.

Kosa jingine ninalokutana nalo kila mara ni kinyesi cheupe. Mtu akiona samaki-malaika au diskasi anaburura kinyesi cheupe kama kamasi, hukimbilia dawa ya minyoo. Samaki ambaye hajala siku kadhaa naye hutoa hivyo hivyo. Vimelea vya Hexamita, ambavyo si minyoo kabisa, huleta kinyesi hicho hicho, na dawa yake ni metronidazoli. Hapa ndipo ninapotoa hadubini. Ninavuta kinyesi kikiwa kibichi, tone moja juu ya kioo, kisha natazama. Nikikuta mayai yenye umbo la pipa lililozibwa pande zote mbili, huyo ni Capillaria, mnyoo mwingine wa duara. Yeye hutibiwa vizuri kwa dawa ya fenbendazoli ndani ya chakula: miligramu 2.5 kwa kila gramu ya chakula, siku 3, kisha unarudia baada ya wiki 2. Kama una konokono tangini, wahamishe kwanza, maana fenbendazoli huua baadhi yao.

Turudi Kibokoni. Dawa ninayoitegemea kwa nyuzi nyekundu ni levamisoli, ile ile ya minyoo ya mbuzi na kuku inayouzwa maduka ya dawa za mifugo. Soma kibandiko kwa makini. Nyingine zimechanganywa na oksiklozanidi ya kuulia minyoo ya ini, na hizo usizitie tangini kamwe. Kipimo ni miligramu 2 kwa kila lita, kwa saa 24. Tangi la mama lilikuwa na urefu wa sentimita 80, upana 35, na maji ya kimo cha 40, yaani lita 112. Tukiondoa nafasi ya mchanga na mawe, tulihesabu lita 100, kwa hiyo miligramu 200. Kwa unga wenye nguvu ya asilimia 10, hiyo ni gramu 2. Toa makaa kwenye chujio, yasije yakainyonya dawa, na zima taa, kwa sababu mwanga huiharibu.

Sasa jambo ambalo watu hawaambiwi. Levamisoli haimuui mnyoo, inampoozesha. Analegea, anaachia utumbo, anatoka na kuanguka chini akiwa hai. Ukimwacha pale, anaweza kupata nguvu tena, na samaki wenye njaa watamwokota. Kazi iliyobaki ni ya mpira wa kufyonza: kesho yake unafyonza mchanga wote, kona kwa kona, na kubadilisha maji mengi. Kwa mama tulitoa lita 80, yaani mitungi minne ya mkokoteni.

Hapo ndipo matibabu mengi ya Mombasa yanapokwama. Mtu anatia dawa siku mfereji umekauka, halafu anafyonza ndoo moja tu. Au anajazia maji ya kisima yenye chumvi kwenye tangi lililozoea maji ya mfereji, na samaki waliochoka wanapata mshtuko mwingine. Nunua maji kwanza, ya aina ile ile waliyoizoea. Yakiwa ya mfereji, yaache usiku kucha na pampu ya hewa ili klorini itoke. Maji yakishakuwa tayari, ndipo ufungue dawa.

Asubuhi ile tulimwaga maji yaliyofyonzwa kwenye beseni jeupe. Minyoo walionekana wazi, wekundu, wengine bado wakijikunja polepole. Mama aliwahesabu hadi 31 akaacha.

Baada ya wiki 3 tulirudia yote, dawa, giza, mitungi minne, kwa ajili ya watoto wa minyoo waliosalimika mara ya kwanza. Beseni lilikuwa na wawili tu. Yule gapi wa mkia wa machungwa hakuifikia siku hiyo. Alikuwa amekonda mno tangu mwanzo. Wengine kumi na wanane wapo, na mama ameweka ndoo kando ya mlango ambamo kila samaki mgeni hukaa wiki 4 kabla ya kuingia tangini.